Ruzuku za utafiti: Namna ya kuoanisha ombi na vipaumbele vya Serikali

MTAFITI anayeomba ruzuku ya Serikali hutakiwa kuthibitisha mambo mawili: kwamba swali lake lina uzito katika taaluma, na kwamba jibu lake lina mahali pa kutumika katika mipango ya nchi. Jambo la kwanza hufunzwa vyuoni kwa miaka mingi. La pili hufunzwa kwa nadra, ilhali ombi zuri laweza kukwama hapo.

Makala haya yanaeleza vipaumbele hivyo vinakopatikana, namna ya kuviingiza katika ombi bila kuuharibu utafiti wenyewe, na mpaka ambao mtafiti hafai kuuvuka. Mifano imetolewa Kisumu na ufuo wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, eneo ambalo limekuwa uwanja wa utafiti mkubwa kwa zaidi ya miaka 40.

Suala hili lilipata uzito mpya mwaka wa 2025. Mnamo Januari 20 mwaka huo, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe upya. Kufikia Julai 1, shirika la USAID lilikuwa limekoma kuendesha misaada hiyo. Kwa eneo ambalo utafiti wake wa Ukimwi na malaria umetegemea sana wafadhili wa kigeni, fedha za nchini si nyongeza tena bali ni hitaji.

Sheria yasemaje?

Sheria ya kwanza ya Sayansi na Teknolojia nchini Kenya ilipitishwa 1977. Ni marekebisho yake ya 1979 yaliyoleta Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI. Zote mbili zina vituo Kisumu; kile cha KEMRI kiko Kisian, kwenye barabara ya kuelekea Busia.

Sheria hiyo ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013, ambayo iliunda vyombo vitatu. Waombaji wengi huvichanganya, kwa hivyo ni vyema kuvitenganisha.

Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, huandaa vipaumbele vya utafiti kwa kushauriana na wadau, na hutoa leseni za utafiti. Wakala wa Kitaifa wa Uvumbuzi, KeNIA, husaidia uvumbuzi kufika sokoni. Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, NRF, ndiyo inayotoa ruzuku. Kwa maneno mengine, anayetaja kipaumbele si yule anayeshika mkoba, na ombi sharti lizungumze na wote wawili.

Sheria hiyo inasema NRF inapaswa kupokea kutoka kwa Wizara ya Fedha kila mwaka kiasi kinacholingana na asilimia 2 ya pato la taifa. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Matokeo yake ni kwamba maombi huwa mengi kuliko fedha, nao wakaguzi hulazimika kuchagua baina ya maombi mazuri. Hapo ndipo hoja ya vipaumbele inapopata nguvu. Maombi mawili yakitoshana kwa ubora wa kisayansi, lile linaloonyesha nani atayatumia matokeo huwa na nafasi bora.

Vipaumbele viko wapi?

Vipaumbele vya Serikali haviko katika waraka mmoja. Vimepangwa kwa ngazi, na mtafiti anafaa kuzijua ngazi hizo kuanzia juu hadi chini.

Katika kilele pana Katiba ya 2010, ambayo Kifungu cha 11 kinatambua mchango wa sayansi na teknolojia za kiasili katika maendeleo ya taifa. Chini yake kuna Ruwaza ya Maendeleo ya 2030, iliyozinduliwa Juni 2008 na Rais Mwai Kibaki, na ambayo hutekelezwa kupitia mipango ya miaka mitano. Mpango wa nne ni wa 2023 hadi 2027.

Juu ya mipango hiyo, kila utawala huweka jina lake. Mnamo Desemba 2017, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza Ajenda Nne Kuu: viwanda, makao nafuu, afya kwa wote na utoshelevu wa chakula. Rais William Ruto, aliyeingia mamlakani Septemba 2022, alileta ajenda ya mabadiliko ya kiuchumi kuanzia mashinani, maarufu kama BETA. Nguzo zake ni kilimo, biashara ndogo na za wastani, makao, afya, na teknolojia ya dijitali pamoja na sanaa.

Kisha kuna ngazi ambayo aghalabu husahaulika: kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeacha vyuo vikuu na taasisi za utafiti mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Lakini jedwali hilo hilo limezipa kaunti kilimo, ukiwemo uvuvi, pamoja na huduma za afya mashinani na huduma za maji na usafi. Hivyo basi, fedha za utafiti huenda zikatoka Nairobi, ilhali anayepaswa kuyatekeleza matokeo yake ameketi Kisumu, Siaya au Homa Bay.

Kila kaunti ina mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano, na kila mwaka huandaa mpango wa maendeleo ambao, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, huwasilishwa bungeni mwa kaunti kufikia Septemba 1. Mtafiti anayezijua tarehe hizo anaweza kupanga matokeo yake ya awali yatoke kabla ya kaunti kufunga hesabu zake, wala si baadaye.

Baadhi ya sekta zina mifereji yake ya fedha. Sheria ya Sukari ya 2024, iliyotiwa saini Novemba mwaka huo, ilirejesha ushuru wa maendeleo ya sukari na kutenga asilimia 15 ya ushuru huo kwa utafiti na mafunzo. Kwa Kisumu, yenye viwanda vya sukari na kituo cha miaka mingi cha utafiti wa miwa huko Kibos, hiki ni kipaumbele chenye fungu lake la fedha kisheria, si tamko la jukwaani.

Funzo la ufuo wa ziwa

Historia ya eneo hili inaonyesha kwamba utafiti uliobadilisha sera ni ule uliokuwa na mtumiaji aliyejulikana mapema.

Mwaka wa 2002, jaribio la kuchunguza iwapo tohara ya wanaume hupunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi lilianza mjini Kisumu. Lilishirikisha wanaume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24. Jaribio hilo lilisimamishwa Desemba 2006 kabla ya muda wake, baada ya kubainika kwamba tohara ilipunguza hatari ya maambukizi kwa zaidi ya nusu. Machi 2007, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa pendekezo lake, na mwaka wa 2008 Kenya ikaanza kutoa huduma hiyo Nyanza.

Hatua hiyo haikuletwa na takwimu pekee. Waluo kimila hawatahiri, na hivyo viongozi wa jamii walishirikishwa katika mjadala. Hayati Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, aliunga mkono mpango huo hadharani. Hata hivyo, kuna upande wa pili wa funzo hili. Sehemu kubwa ya fedha za kuuendesha mpango ilitoka Marekani. Sera ilikuwa ya Kenya, lakini gharama ilibebwa na mwingine, na mkono wa mwingine hurudi kwake wakati wowote.

Mfano wa pili ni wa malaria. Chanjo ya RTS,S ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 kwenye mataifa saba ya Afrika, vikiwemo vya Kombewa, Kaunti ya Kisumu, na Siaya. Mnamo Septemba 13, 2019, Kenya ilianza kuitoa chanjo hiyo kwa majaribio ya utekelezaji, na uzinduzi ulifanyika Homa Bay. WHO iliipendekeza kwa matumizi mapana Oktoba 2021. Njia ilikuwa ndefu, lakini ilipitia mahali palipojulikana: ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto. Watafiti hawakulazimika kubuni mfumo mpya wa kuifikisha kwa mtoto.

Mfano wa tatu ni gugumaji. Katika miaka ya 1990 mmea huo ulifunika sehemu kubwa za Ghuba ya Winam na kuwazuia wavuvi kutoka ufuoni. Watafiti wa kilimo nchini waliachilia mbawakawa wanaokula mmea huo kuanzia 1997, wakati ambapo Mradi wa Usimamizi wa Mazingira ya Ziwa Victoria, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulikuwa ukianza. Gugumaji lilipungua sana kufikia mwisho wa muongo huo, ingawa wataalamu wanatofautiana kuhusu kiasi ambacho mvua za El Niño zilichangia.

Awamu ya kwanza ya mradi ilimalizika 2005. Gugumaji limerejea mara kadhaa tangu wakati huo, kwa sababu chanzo chake, yaani mbolea na majitaka yanayoingia ziwani, hakikuondolewa. Ombi la ruzuku linalotaja kipaumbele bila kusema nani ataendeleza kazi baada ya mradi lina kasoro iyo hiyo.

Mfano wa Kaloleni

Ili kueleweka vyema, tuchukue mfano wa kubuni katika mtaa halisi. Kaloleni ni miongoni mwa mitaa ya zamani ya Kisumu, katika wadi ya Shaurimoyo Kaloleni, eneobunge la Kisumu ya Kati. Tuseme mhadhiri anataka kuchunguza maji ya visima vifupi vilivyo karibu na vyoo vya mashimo katika mitaa ya aina hiyo.

Rasimu yake ya kwanza ina kichwa hiki: “Viwango vya bakteria katika maji ya visima vya Kaloleni”. Katika utangulizi ameandika sentensi moja kwamba utafiti huo unaafikiana na Ruwaza ya 2030 na BETA. Kisha hataji tena habari hiyo hadi ukurasa wa mwisho.

Mkaguzi ataliuliza ombi hilo swali moja tu: ikithibitika kwamba maji ni machafu, nani atafanya nini? Rasimu haina jibu. Tayari inajulikana kwamba kisima kilicho karibu na choo kina hatari, na kuipima hatari hiyo upya hakumwondolei mwenye kisima shida yake.

Rasimu ya pili inabakisha visima vilevile na maabara ileile, lakini inabadilisha swali: je, wahamasishaji wa afya katika jamii wanaweza kutumia kipimo cha bei nafuu kutambua visima hatari kabla ya mlipuko wa kipindupindu? Mnamo Septemba 2023, Serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wapatao 100,000 kote nchini, na Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya mwaka huo ikawapa nafasi rasmi katika mfumo wa afya. Kipaumbele cha kitaifa sasa kina watu wanaotembea nyumba kwa nyumba, na utafiti unawapa chombo cha kazi.

Rasimu hiyo pia inamtaja mtumiaji wa pili. Huduma za maji ni jukumu la kaunti, na mjini Kisumu hutolewa na kampuni ya KIWASCO. Ramani ya visima hatari itaiwezesha kampuni hiyo kuamua mifereji ipelekwe mtaa gani kwanza. Barua ya kaunti iliyoambatishwa haisemi tu “tunaunga mkono utafiti huu”. Inataja ofisi itakayopokea ramani, na mwezi itakapoipokea.

Mabadiliko haya yanashuka hadi kwenye bajeti na ratiba. Sampuli zitachukuliwa kabla ya mvua za Machi hadi Mei na wakati wa mvua, ili tofauti ionekane. Kuna fungu la kuwafunza wahamasishaji. Kuna hesabu ya gharama ya kipimo kwa kila kisima, ili kaunti ijue itatumia kiasi gani mradi ukiisha. Hapo uafikiano haupo katika utangulizi peke yake. Umo katika mbinu, ratiba na shilingi.

Kipimo rahisi

Kuna njia nyepesi ya kulijaribu ombi lolote. Futa aya inayotaja ajenda ya Serikali, kisha usome ombi lililobaki. Ikiwa swali, mbinu, washirika na bajeti vimebaki vilevile na hakuna pengo, aya hiyo ilikuwa pambo tu. Ikiwa ombi limepoteza mantiki, basi uafikiano ulikuwa wa kweli.

Pambo hutambulika haraka. Ishara zake ni kutaja nguzo zote tano za BETA kwa pamoja, kunakili maneno ya hotuba badala ya kutaja lengo mahususi la mpango wa kitaifa au wa kaunti, na kutumia kaulimbiu ya utawala uliopita kana kwamba ingali inatumika.

Kosa hilo la mwisho lina kinyume chake, nalo ni kufungamana mno na kaulimbiu ya leo. Majina hupita. Kisumu ilikuwa miongoni mwa kaunti nne za majaribio ya afya kwa wote, mpango uliozinduliwa papo hapo mjini Desemba 2018 chini ya Ajenda Nne Kuu. Miaka minne baadaye ajenda ilikuwa nyingine, lakini hitaji la mgonjwa kutibiwa bila kufilisika halikubadilika.

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa Agosti 2027, mwaka ambao pia ndio mwisho wa mpango wa nne wa maendeleo. Ruwaza yenyewe inafika kikomo 2030. Kwa hivyo ombi la miaka kadhaa laweza kuishi muda mrefu kuliko ajenda iliyolizaa. La busara ni kuufunga utafiti kwenye hitaji lisilohama, kama vile maji, chakula au afya, kisha kuonyesha jina ambalo hitaji hilo linaitwa kwa sasa.

Mpaka wa kuoanisha

Hata hivyo, kuoanisha si kutii kila upepo. Mtafiti wa konokono wanaoeneza kichocho ufuoni asijigeuze mtaalamu wa makao nafuu kwa kuwa fedha ziko huko. Wakaguzi humtambua anayevaa joho lisilo lake, na hata akipata fedha, kazi yake itamsaliti.

Jambo zito zaidi ni uhuru wa matokeo. Kuafikiana na kipaumbele maana yake ni kuuliza swali ambalo Serikali inalihitaji, si kuahidi jibu ambalo itafurahi kulisikia. Samaki wengi wa vizimba walipokufa upande wa Kisumu Novemba 2022, wafugaji walihitaji kujua ukweli kuhusu hewa ya oksijeni majini na mahali pa kuweka vizimba, hata kama ukweli huo ungepunguza kasi ya ufugaji ambao Serikali inauhimiza. Ombi linafaa kutamka wazi kwamba matokeo yatachapishwa, yawe yanaunga mkono sera au yanaikosoa.

Aidha, taifa lisisahau utafiti wa kimsingi ambao hauna mtumiaji wa leo. Mbawakawa walioachiliwa ziwani 1997 asili yao ni Amerika Kusini, na tayari walikuwa wamechunguzwa na kuachiliwa Florida, Marekani, tangu 1972. Kama hakuna aliyelipia kuwachunguza wadudu hao wakati huo, Kisumu isingekuwa na cha kuazima robo karne baadaye. Ni wajibu wa wanaopanga vipaumbele kuacha fungu kwa maswali ya aina hiyo, nao wanasayansi hawana budi kulidai wanapoitwa kutoa maoni NACOSTI inapoandaa orodha yake.

Kabla ya kuwasilisha

Kwa muhtasari, anayeandaa ombi anafaa kuhakikisha mambo yafuatayo:

Mosi, asome tangazo la ruzuku lenyewe kwanza. Masharti ya tangazo yana nguvu kuliko waraka mwingine wowote.

Pili, ataje lengo mahususi katika mpango wa kitaifa na katika mpango wa kaunti, si jina la mpango pekee.

Tatu, amtaje mtumiaji wa matokeo kwa ofisi yake, na amhusishe kabla ya kuandika, si baada ya kumaliza.

Nne, aeleze nani atagharimia utekelezaji fedha za ruzuku zikiisha.

Tano, atenge muda wa idhini. Utafiti unaohusisha watu huhitaji kibali cha kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kama ile ya Chuo Kikuu cha Maseno, na kisha leseni ya NACOSTI. Anayekusanya habari za watu binafsi anabanwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Sita, asome ombi kwa jicho la mkazi wa mtaa unaotajwa. Ikiwa mwenye kisima Kaloleni hawezi kuambiwa kwa sentensi moja atakachofaidi, yamkini afisa wa Nairobi naye hatakiona.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama kwa mtafiti ni kusoma mipango ya Serikali kwa makini, kuketi na maafisa wa kaunti na kuhesabu gharama. Lakini ainamapo, akumbuke alichokifuata mvunguni. Serikali ina haki ya kuchagua maswali ambayo fedha za umma zitayajibu. Jibu lenyewe halichaguliwi na mtoaji fedha.